Ukiona "run", usikimbilie "kukimbia"

Juzi nilikuwa duka la uchapishaji pale River Road, Nairobi, nikaona bango linasubiri kukaushwa: "Mama amekimbia kioski hiki tangu 2015." Nilicheka, halafu nikanyamaza. Mimi mwenyewe nimewahi kuteleza papo hapo.

"Run" ya Kiingereza ni kinyonga. Wahariri wa kamusi ya Oxford wamehesabu maana zaidi ya 600 za kitenzi hicho pekee. Kwa hivyo kabla hujatafsiri, tazama kwanza nani, au nini, kina-run. Kioski huendeshwa. Kiti cha ubunge hugombewa, na anayesimama kando ya mgombea urais ni mgombea mwenza, si mkimbiaji mwenzake. Pua hutoka kamasi. Maji ya mfereji hutiririka (siku ya zamu ya mtaa wenu, angalau). Unga ukiisha, mmeishiwa. Kukimbia kwenyewe mwachie mchuuzi aliyeona kanjo (askari wa jiji) wakija.

Na Mzungu akikulalamikia kwamba Kiswahili kigumu, mpe "piga" atafsiri: piga pasi, piga deki, piga simu, piga kura, piga picha. Atatafuta aliyeumizwa mpaka achoke.