Somo: Pima laptopu ya ex-UK kwa flashi yako mwenyewe kabla hujalipa

Ukipanda ngazi za majengo ya Moi Avenue, Nairobi, utakuta laptopu zimepangwa rafu kwa rafu, zimepanguswa vizuri, na kila moja utaambiwa ni ex-UK, yaani mtumba uliotoka Uingereza. Mashine hizi nazipenda kwa dhati. Nyingi ni ThinkPad, Latitude na EliteBook zilizoundwa kwa kazi za ofisi, na fundi akizifungua anaweza kuzitengeneza. Plagi ya Uingereza na yetu ni moja, na umeme ni ule ule, kwa hiyo chaja inaingia ukutani bila adapta.

Shida ni kwamba dukani unaonyeshwa Windows aliyoiweka muuzaji, na sura yake nzuri haikwambii hali ya betri wala ya diski. Nenda na mfumo endeshi wako kwenye flashi, uwashe mashine kutoka hapo, uipime mbele yake. Muuzaji mwaminifu hatakukataza. Akikataa, mshukuru na uende duka la pili.

Hatua ya 1: Andaa flashi nyumbani

Flashi ya 8GB inatosha. Pakua Linux Mint, mfumo endeshi wa bure unaoweza kutumika badala ya Windows, toleo la Cinnamon. Faili lake linakaribia 3GB, kwa hiyo tafuta Wi-Fi isiyo na kikomo, usimalize bando lako. Liandike kwenye flashi kwa programu ya Rufus au balenaEtcher. Kila kilichokuwemo kitafutika, basi hamisha picha zako kwanza. Iwashe kwenye kompyuta ya nyumbani au ya rafiki uone inafanya kazi.

Hatua ya 2: Jua prosesa unayoitaka

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea, kwa sababu watu huuliza "ni i5?" wakaridhika na jibu. Zitazame namba zinazofuata. i5-7300U ni kizazi cha 7, i5-8350U ni cha 8. Kati ya hizo mbili kuna tofauti kubwa: ya kwanza ina viini (cores, sehemu zinazofanya kazi kwa pamoja) 2, ya pili ina 4. Kwa laptopu nyembamba za ofisi, kizazi cha 8 ndicho Intel ilichoongeza viini maradufu. Tena Windows 11 kwa upande wa Intel huanzia kizazi hicho, ukiacha prosesa chache za nyuma yake. Mimi simshauri mtu anunue chini ya hapo leo, hata bei ikiwa ya kutupa, isipokuwa ameshaamua kutumia Linux.

Miundo ya kuulizia: ThinkPad T480, EliteBook 840 G5, Latitude 7490. Angalieni sana herufi za mwisho. T480 ina nafasi mbili za RAM. T480s, iliyo nyembamba zaidi, sehemu ya RAM yake imechomelewa kwenye ubao na ina nafasi moja tu. X1 Carbon imechomelewa yote, kwa hiyo ukinunua ya 8GB utabaki na 8GB.

Hatua ya 3: Washa kutoka kwenye flashi

Zima mashine kabisa, chomeka flashi, kisha washa huku ukibonyeza F12 kwa Lenovo na Dell, au F9 kwa HP. Chagua flashi. Mwambie muuzaji kwamba husakinishi kitu: Mint inaendeshwa kutoka kwenye flashi na RAM, na diski ya mashine haiguswi usipoigusa wewe.

Mashine ikidai nenosiri la BIOS (programu ya ndani inayowasha mashine) na muuzaji halijui, acha hapo hapo. Kulitoa kwenye ThinkPad ni kazi ya kuchokonoa ubao mama, na ahadi ya "fundi wetu atalitoa kesho" usiilipie.

Hatua ya 4: Uliza mashine yenyewe

Fungua Terminal. Andika `lscpu` uone jina halisi la prosesa, maana stika ya nje hubandikwa na yeyote. Andika `free -h` uone RAM.

Kisha `upower -d`. Tafuta mistari miwili: energy-full-design, yaani uwezo wa betri ilipotoka kiwandani, na energy-full, uwezo wake wa sasa. Ikiwa ya kwanza ni 50 Wh na ya pili ni 38, betri imebaki na asilimia 76, na hiyo ni nzuri kwa mashine ya mtumba. Ikiwa chini ya asilimia 60, omba upunguziwe bei au ubadilishiwe betri kabla hujatoka. T480 ina betri mbili, moja ndani na moja ya kuchomoa nyuma, hivyo utaona orodha mbili. Soma zote.

Maliza na programu ya Disks. Chagua diski ya ndani, fungua SMART, ripoti ya afya ambayo diski hujiandikia, usome saa ilizofanya kazi na hali yake ya jumla. SSD (diski isiyozunguka) yenye saa nyingi bado inaweza kukaa miaka. Diski inayoripoti hitilafu haifai kwa bei yoyote.

Hatua ya 5: Mikono na macho

Fungua kihariri cha maandishi, bonyeza kila kitufe. Kibodi za Uingereza huweka alama ya @ karibu na Enter, na juu ya 2 kuna alama za kunukuu. Si ubovu: chagua mpangilio wa UK kwenye mipangilio. Jaribu kila tundu la USB, kamera, spika, Wi-Fi. Fungua na kufunga kifuniko polepole ukisikiliza bawaba.

Hatua ya 6: Risiti

Iandikwe namba ya mashine, muda wa waranti na kinachohusika nayo, betri ikiwemo.

MASWALI YA WANACHAMA

*Mwanafunzi, Rongai: Mwalimu wetu anataka kazi iwe ya Word. LibreOffice itaniharibia?*

Kwa insha na ripoti, hapana. LibreOffice, programu ya ofisi inayokuja na Mint, inafungua na kuhifadhi faili za Word (docx). Kinachoharibu mpangilio mara nyingi ni fonti. Hakikisha una Carlito, yenye vipimo sawa na Calibri, na Liberation Serif badala ya Times New Roman. Ukiruhusiwa, tuma PDF. Lakini kama idara inadai Excel yenye makro nzito, baki na Windows ya dukani na uweke LibreOffice kando yake.

*Mama wa duka, Kayole: Nina laptopu ya kizazi cha 6 yenye Windows 10. Niitupe?*

Usiitupe, mama. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kuna mpango wa viraka vya usalama kwa watumiaji wa nyumbani hadi Oktoba 2026. Baada ya hapo usifanyie shughuli za benki humo. Weka Linux Mint, na kama diski ni ile ya kuzunguka, badilisha iwe SSD. Daftari la duka utaliendesha humo bila taabu.

*Eastleigh: Nimeona flashi ya 2TB kwa bei ya chai. Ni kweli?*

Si kweli, kaka. Nyingi za aina hiyo zimepangwa zidanganye kompyuta kuhusu ukubwa wao, na faili zako hupotea zinapojaa nafasi halisi. Kwenye Windows zipime kwa H2testw. Kwenye Mint tumia F3: `f3write` hujaza flashi, `f3read` husoma kama yaliyoandikwa yamerudi. Omba kurudishiwa pesa ukiwa na matokeo mkononi.

*Kangemi: Niliweka Windows upya, sasa inadai barua pepe ya kampuni nisiyoijua.*

Mashine hiyo bado imesajiliwa kwa mmiliki wa zamani, na kusakinisha tena hakutaifuta. Kwa kawaida ni kampuni hiyo inayoweza kuuondoa usajili. Irudishe dukani na risiti yako. Kwa wengine: Mint haiwezi kuionyesha hali hii, kwa hiyo mwombe muuzaji aanzishe Windows upya mbele yako ikiwa imeunganishwa na intaneti, na ulipe tu pale skrini itakapokuomba akaunti yako mwenyewe, si ya kampuni.