Kabla Hujahamisha Udhamini wa ROTC Kwenda Chuo Kingine

Kama mwanao anasoma Marekani kwa udhamini wa ROTC, mpango wa jeshi wa kuandaa maofisa wake vyuoni, na sasa anataka kubadilisha chuo, kaa naye chini kabla hajamwandikia mtu yeyote. Udhamini huu hautembei na mtoto kama pasipoti. Umewekwa kwenye chuo kimoja, kikosi kimoja, na mara nyingi fani moja. Kuutoa hapo ni ombi, si haki, na ombi hukataliwa.

Kwanza, jua mwanao yuko jeshi gani. Watu wetu husema ROTC kana kwamba ni kitu kimoja, kumbe Jeshi la Nchi Kavu lina utaratibu wake na maombi yake yanaishia makao makuu ya kadeti huko Fort Knox, Kentucky. Jeshi la Anga lina makao yake Maxwell, Alabama. Wanamaji wana wao, na vijana wanaotaka kuwa Marines wamo humohumo kwa Wanamaji. Kwa hiyo binamu aliyepitia Jeshi la Anga asiwe ndiye mshauri mkuu wa mtoto wa Nchi Kavu, hata kama sasa ni kapteni na anaongea kwa kujiamini. Mengi ninayoandika hapa ni ya Nchi Kavu, maana ndiko watoto wengi wa jamii yetu waliko.

Pili, angalia yuko wapi kwenye safari yake. Aliyepata udhamini akiwa bado sekondari na hajaingia chuo ana nafasi nzuri zaidi ya kuomba kuhamishiwa chuo kingine, mradi kikosi cha huko kina nafasi na chuo chenyewe kimempokea. Mtu wa kumpigia simu ni ofisa uandikishaji wa kikosi anachotaka kwenda. Mtoto apige mwenyewe. Mama akipiga simu kwa niaba ya kijana wa miaka 18 anayetaka kuongoza askari, wanaopokea simu hiyo wanaliona hilo.

Aliyekwisha kuanza chuo mambo yake ni mengine. Mwenye udhamini wa miaka 4 hana deni la utumishi katika mwaka wa kwanza. Akiona jeshi halimfai, anaweza kuondoka bila kurudisha kilicholipwa. Wajibu unaanza pale anapoingia mwaka wa pili. Kuanzia hapo, kuondoka chuoni bila idhini ni kuvunja mkataba, na mkataba unasema wazi kwamba serikali inaweza kudai fedha zake zote au kumwita atumikie jeshi kama askari wa kawaida, si kama ofisa. Mtoto anayesitasita kuhusu chuo alichochagua afanye uamuzi wake mapema, mwaka wa kwanza, wala asiburuze mpaka Agosti ya pili. Mkataba wenyewe usomeni wote, pamoja na vile vipengele vya nyuma vilivyoandikwa kwa herufi ndogo.

Tatu, fedha. Udhamini wa Nchi Kavu hulipa ama ada yote ama malazi na chakula, kadeti anachagua kimoja. Juu yake kuna dola 1,200 kwa mwaka za vitabu, na posho ya dola 420 kwa mwezi wakati wa masomo. Hivyo vinatoka jeshini. Kuna kingine ambacho wazazi wengi hudhani kinatoka jeshini na hakitoki: bweni la bure. Vyuo vingi, hasa vya binafsi, huwapa kadeti wenye udhamini chumba na chakula kwa fedha za chuo, ili kuwavutia. Mtoto akihama, kitu hicho kinabaki kulekule. Nimeona familia ikishangilia kijana kurudi karibu na nyumbani, halafu Agosti ikafika bili ya bweni ambayo hawajawahi kuiona maisha yao yote, kwa sababu chuo cha kwanza kilikuwa kinaibeba chenyewe. Uliza chuo kipya kwa maandishi: kadeti wa ROTC anayehamia, siyo anayeanza mwaka wa kwanza, anapewa nini? Vyuo vingine huwapa wanaoanza tu.

Na kama chuo kipya ni ghali kuliko cha zamani, ombi linakuwa gumu zaidi, maana ni jeshi litakalolipa tofauti hiyo. Kwa Jeshi la Anga soma vizuri aina ya udhamini aliopewa. Upo unaolipa ada yote na upo wenye kikomo.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike. Mwezi wa kuhitimu.

Kadeti wa Nchi Kavu hujaza fomu inayoitwa 104-R. Ni jedwali tu: muhula baada ya muhula, kila somo atakalosoma mpaka siku ya kuhitimu, na chini yake saini yake, ya mshauri wake wa masomo na ya mkuu wa kikosi. Watoto huijaza haraka kama fomu nyingine za chuo. Lakini ndiyo inayoliambia jeshi luteni usu huyu ataingia kazini mwaka gani, na jeshi limeshampangia nafasi mwaka huo. Ombi la kuhama linalosogeza mwezi wa kuhitimu ni ombi tofauti kabisa na lile lisilousogeza.

Kuna binti wa hapa kwetu, mama yake na mimi tunaabudu kanisa moja, alipata udhamini wa uuguzi wa Nchi Kavu katika chuo cha jimbo la mbali. Mnajua jinsi watu wetu tunavyoupenda uuguzi, na udhamini ule ulikuwa furaha ya jumuiya nzima. Alipokuwa mwaka wa pili figo za mama yake zikashindwa. Dayalisisi mara tatu kwa wiki, baba ni dereva wa lori, anaweza kukaa barabarani wiki mbili, na nyuma ya huyo binti kuna wadogo watatu. Akaamua kurudi nyumbani kusomea chuo kikuu cha hapa. Hakuna aliyemlaumu, na mimi ni mmoja wa waliomtia moyo.

Alifanya karibu kila kitu sawasawa. Alikwenda kwa mkuu wa kikosi chake, luteni kanali mmoja mwenye utu, akamweleza ukweli, naye akakubali kumwachia. Kikosi cha hapa kilimtaka sana, kwa kuwa kadeti wa uuguzi hawapatikani ovyo. Barua ya chuo kikuu ikaja: umepokelewa. Tukapika pilau. Akalipa amana ya kujisajili, akarudisha ufunguo wa bweni, akaiandikia shule yake ya uuguzi kwamba haji tena Agosti, na nafasi yake ya mafunzo ya wodini akapewa mwanafunzi mwingine aliyekuwa anaisubiri.

Kilichobaki kilikuwa 104-R mpya. Nilikuwepo sebuleni kwao jioni aliyokuwa anaijaza. Mihula minne ya juu, ile aliyokwisha kuisoma, ilijaa vizuri. Akafika muhula wa kwanza wa mwaka wa tatu, akaweka kalamu chini. Kwenye tovuti ya shule ya uuguzi ya chuo kile imeandikwa kwamba kupokelewa na chuo kikuu si kupokelewa na uuguzi. Uuguzi una maombi yake, huchukua wanafunzi mara moja kwa mwaka, na dirisha la mwaka huo lilikuwa limefungwa tangu Februari. Saa zake za wodini za chuo cha kwanza hawakuzitambua, ilibidi azianze upya. Mshauri wa masomo alipolipanga jedwali lote kwa uaminifu, mwezi wa kuhitimu ukasogea mwaka mzima mbele.

Mshauri asingeweza kusaini uongo, na mkuu wa kikosi hakuweza kupeleka jedwali lisilo na saini. Ombi likapelekwa jinsi lilivyo, likarudi limekataliwa. Wakati huo ilikuwa Julai. Kule alikotoka hana nafasi ya wodini, huku alikokuja hana shule ya uuguzi, na mkataba umekwisha kumfunga. Kilichomwokoa ni yule luteni kanali wa kwanza, aliyemwombea ruhusa ya kukaa nje ya masomo ili asihesabiwe kuwa amevunja mkataba. Posho ikasimama. Binti akafanya kazi ya usaidizi wa wagonjwa kwenye nyumba ya wazee, akimpeleka mama yake dayalisisi asubuhi na kuingia zamu jioni. Mwaka uliofuata akarudi chuo kilekile cha kwanza, nyuma ya wenzake, na wadogo zake wakalelewa na sisi wengine kwa zamu.

Kwa hiyo, kama mwanao anasomea uuguzi, au uhandisi, au fani yoyote yenye mlango wake wa ndani, utaratibu uwe huu. Kwanza aingie kwenye idara yenyewe, si chuo kikuu tu. Kisha apate kwa maandishi ni krediti zipi, yaani hesabu ya masomo aliyokwisha kufaulu, zitatambuliwa na kwa somo lipi hasa. Krediti inayoingia kama somo la ziada tu haimsogezi popote kwenye 104-R. Kisha mshauri wa chuo kipya ajaze jedwali lote mpaka mwezi wa kuhitimu. Jedwali likikaa sawa, ndipo ombi lipelekwe juu. Na mpaka jibu la maandishi lirudi kutoka juu, asirudishe ufunguo, asijitoe kwenye darasa lolote, asimwachie mtu nafasi yake. Kauli ya mkuu wa kikosi kwamba “haina shida, itapita” ni kauli ya mtu mwema, lakini si idhini, maana mwenye kuidhinisha siye yeye.

Yaliyobaki ni mafupi lakini msiyaruke.

Transkripti, yaani orodha rasmi ya masomo na alama. Vyuo vingi hukataa kuitoa kama mwanafunzi anadaiwa hata faini ya maegesho. Majimbo kadhaa, yakiwemo California na New York, yamepiga marufuku jambo hilo kwa sheria, kwingine usitegemee. Lipeni kila kidogo kabla ya kuiomba, kwa sababu bila transkripti hakuna atakayetathmini krediti.

Uraia. Mwenye kadi ya kijani anaweza kuhudhuria baadhi ya madarasa ya ROTC, lakini hawezi kusaini mkataba wa udhamini. Mtoto aliyepata uraia kupitia mzazi kabla ya kufikisha miaka 18 awe na pasipoti ya Marekani au cheti chake mwenyewe mkononi, maana kikosi kipya huenda kikataka kuona nyaraka upya, na cheti cha uraia hakiletwi kwa wiki mbili.

Afya. Kadeti alipitishwa na bodi ya uchunguzi wa afya ya Wizara ya Ulinzi, DoDMERB. Kama tangu hapo amevunjika mguu au ameanza dawa mpya, aseme sasa. Kikifichwa leo, kitaonekana siku mbaya zaidi.

Kikosi kiko wapi? Si kila chuo kina kikosi chake. Kadeti wa vyuo vingine husafiri kwenda chuo jirani kwa mazoezi ya alfajiri, na asiye na gari atateseka. Mwaka 2025 Jeshi la Nchi Kavu lilitangaza kupunguza na kuunganisha baadhi ya vikosi, kwa hiyo ulizeni kama hicho mnachokimbilia kitakuwepo mpaka mtoto ahitimu. Na akitaka chuo chenye maisha ya kijeshi saa zote, kama The Citadel au VMI, ajue kuwa mgeni huanzia chini kabisa hata kama kule alikotoka alikuwa kiongozi.

Udhamini uliofungwa na National Guard au Reserve, yaani majeshi ya akiba, ni mgumu zaidi kuuhamisha, kwa sababu kuna kikosi cha pili kinachomdai, na kama ni cha Guard kinamilikiwa na jimbo. Misaada ya ada inayotolewa na jimbo haivuki mpaka.

Kambi. Kadeti wa Nchi Kavu huenda Fort Knox kiangazi cha kati ya mwaka wa tatu na wa nne. Kuhama katikati ya maandalizi hayo ni kukaribisha faili lake lipotee, kwa hiyo ahakikishe kikosi kipya kimelipokea faili lote kabla ya jina lake kupangiwa kambi.

Alama zisishuke wakati wa pilikapilika hizi, wala utimamu wa mwili. Kadeti aliyeanguka mtihani wa mazoezi hana nguvu ya kuomba chochote.

Mtu akidai fedha ili “asaidie” ombi lipite, mkimbieni. ROTC haitozi hata senti kwa uhamisho. Msisikilize makundi ya WhatsApp kuliko ofisa wa kikosi, na hata ofisa akisema jambo kwa simu, mtoto amwandikie barua pepe siku hiyohiyo: “Asante kwa maelezo yako, nimeelewa kwamba…” na aorodheshe yote aliyoambiwa, kisha asubiri jibu. Maofisa hawa huhamishwa kila baada ya miaka michache, na atakayekuja baada yake hatajua walizungumza nini.