Kumpunguzia Mtoto Mchanga Maumivu ya Sindano Bila Dawa

Kwa miaka mingi madaktari wengi waliamini kwamba mtoto mchanga hahisi maumivu barabara, hata watoto wengine wakafanyiwa upasuaji kwa ganzi haba, hadi makala ya watafiti Anand na Hickey ya mwaka 1987 ilipoitikisa imani hiyo. Mazoea yaliyozaliwa nayo hayajatutoka: mtoto hulazwa mezani peke yake, akachomwa, akalia mpaka sauti ikamkauka, ndipo akarudishiwa mamake. Mpangilio huo tuugeuze, mtoto awe kifuani kabla ya sindano, wakati wa sindano na baada yake.

Njia iliyo bora ni kunyonyesha. Mweke mtoto titini dakika kama 5 kabla, na usubiri mpaka awe amelishika titi vizuri na unamsikia akimeza, ndipo nesi achome. Asitolewe titini kwa sababu ya sindano. Utamu wa maziwa, joto la ngozi yako, harufu yako na kule kufyonza kwenyewe hufanya kazi kwa pamoja. Wengi huchelea kwamba atapaliwa, lakini tafiti zilizofanywa hazikuonyesha hatari hiyo.

Chukua mfano wa BCG, chanjo ya kifua kikuu, ambayo hapa kwetu Kenya hutiwa mkono wa kushoto. Mnyonyeshe titi la kushoto, kichwa chake kikiwa kwenye kiwiko chako cha kushoto na tumbo lake likigusa lako, na utaona kwamba mkono wake wa kushoto ndio unaobaki juu. Funua leso hapo tu, umshikie kiganja, naye nesi ainame aliko mtoto. Mwombe mapema, kabla hajavuta dawa kwenye sindano: "Sista, naomba mtoto aanze kunyonya kwanza, halafu umchome akiwa mikononi mwangu." Ni ombi la haki, wala si utovu wa adabu.

Ikiwa kunyonyesha hakuwezekani, mlaze kifuani akiwa na nepi tu, ngozi kwa ngozi, kwa dakika 10 hadi 15 kabla ya sindano. Baba naye anaweza kufanya hivyo. Kwa joto la Mombasa, leso moja nyepesi mgongoni inatosha. Mtoto njiti asiyeweza kutolewa kitandani hutulizwa kwa viganja vilivyooshwa, kimoja kikitulia kichwani na kingine kikiikunja miguu yake kuelekea tumboni, bila kumsugua. Asipolia usidhani hakuumia, kwani njiti mara nyingi hukosa nguvu za kulia. Mtazame uso, kama macho yamefumbwa kwa nguvu na paji limekunjamana.

Damu inapotolewa kisiginoni, kinachouma sana ni kule kuminywaminywa, kwa hiyo damu nyingi ikihitajika, uliza kama inaweza kuchukuliwa kwenye mshipa na mtu mwenye mkono mzoefu, kwa kuwa maumivu yake huwa madogo.

Hospitali nyingine hudondosha maji maalumu ya sukari ulimini dakika 2 hivi kabla ya kuchoma, na yanasaidia kweli, ila ni kazi ya wahudumu wenye kipimo. Usiyatengeneze nyumbani. Asali usimpe kabisa kabla hajatimiza mwaka, hata nyanya akisisitiza kwa nia njema, kwa sababu inaweza kubeba vijidudu vya botulizimu vinavyolegeza misuli hadi ya kupumua.

Kutahiri ni jambo jingine. Njia hizi peke yake hazitoshi hata kidogo, na mtoto lazima apigwe ganzi.

Sindano ikishatoka, usiharakishe kumvisha wala kumpisha mwenzako kitini; mwache anyonye mpaka aliachie titi mwenyewe. Akiendelea kulia bila kutulia, akikataa titi au mwili ukichemka, mrudishe kliniki siku hiyo hiyo.