Mtoto Acheze Hata Baridi Ikikaza

Majira ya baridi yakiingia, watoto taratibu huacha kukimbia bila mtu yeyote kuwakataza. Giza huwahi, nguo za kuvaa ni nyingi, na mzazi aliyerudi kazini amechoka huona nafuu kuwasha runinga. Mwili wa mtoto, hata hivyo, unahitaji kilekile ulichohitaji wakati wa joto. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa 2020, linataka mtoto wa miaka 5 hadi 17 apate wastani wa dakika 60 kila siku za michezo inayompandisha pumzi, na angalau siku 3 kwa wiki afanye ya kuimarisha misuli na mifupa, kama kuruka, kukwea na kuning'inia. Wenye miaka 3 na 4 wanahitaji dakika 180 za kujishughulisha, 60 kati ya hizo ziwe za nguvu.

Dakika hizo si lazima zipatikane kwa mkupuo mmoja. Vipande vya dakika 10 au 15 vinatosha, na wakati wa baridi ndivyo vinavyowezekana.

Anza na nje, na anza mapema. Katika nchi za kaskazini jua laweza kuzama saa 10 jioni, kwa hiyo mpango wa "tutatoka baadaye" huishia gizani. Mtoto akirudi kutoka shule, atoke kabla hajavua viatu. Akishakaa kwenye kochi, kumvalisha upya ni vita.

Kinachomkatisha mtoto mchezo kwa kawaida ni unyevu kuliko baridi yenyewe. Mvalishe tabaka tatu. La ndani liwe la sufu nyembamba au poliesta, lisiwe la pamba, kwa sababu pamba hunywa jasho na kulishikilia, na mtoto akisimama kidogo tu huanza kutetemeka. La kati liwe sweta ya sufu au flisi, kitambaa laini chenye manyoya. La nje lizuie upepo na maji. Glavu zinazoweka vidole vinne pamoja hutunza joto kuliko zile za kila kidole peke yake; weka jozi ya pili mfukoni, maana ya kwanza italowa. Usimvalishe soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana: damu haipiti vizuri, na miguu hupoa zaidi. Skafu ndefu inaweza kunasa kwenye bembea na kumkaba, hivyo tumia kikinga shingo kinachovaliwa kwa kupitishwa kichwani.

Ukitaka kujua kama amevaa sawasawa, ingiza vidole vyako nyuma ya shingo yake baada ya dakika 10 za mchezo. Pakiwa na joto na pakavu, mwache. Pakiwa na jasho, punguza tabaka moja. Pakiwa pa baridi, ongeza. Usipimie pua wala viganja, hivyo hupoa hata kwa mtoto asiye na shida.

Chagua michezo ambayo kila mtu anakimbia muda wote. Ile ya "ukiguswa umetoka" huwakalisha pembeni wale wasio na mbio, yaani ndio wanaohitaji kukimbia zaidi, na wao ndio hupoa kwanza. Aliyeguswa aruke mara 5 kisha arudi mchezoni. Kujenga mtu wa theluji kuje baada ya kukimbizana, mwili ukiwa umeshapata moto. Kwa kuteleza kwa sleji, yaani kibao cha kutelezea kwenye theluji, mtoto akae miguu ikitangulia, avae helmeti, na mteremko uishie mahali tambarare pasipo miti wala barabara.

Halijoto ikiwa chini ya sifuri, wadogo waingie ndani kila baada ya dakika 20 au 30. Angalia kipimo cha baridi kinachojumlisha upepo: kikishuka chini ya nyuzi -27 za Selsiasi, cheza ndani, kwani ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30. Dalili ni ngozi kupauka, kufa ganzi na kuwa ngumu. Usiisugue, wala usiipake theluji. Mpeleke ndani, iloweke katika maji ya uvuguvugu, na utafute daktari. Mwenye pumu afunike pua na mdomo, maana hewa baridi na kavu hubana njia za hewa, na dawa yake ya kuvuta iwe karibu.

Siku ya kubaki ndani, sukuma meza upate nafasi ya mita 2 kwa 3, kisha panga vituo 6: kuruka kichurachura, kutembea kama kaa, kuruka mstari wa utepe wa gundi upande hadi upande, kutambaa chini ya meza, kusukuma ukuta kwa nguvu zote, na kutupa soksi zilizoviringishwa kikapuni kisha kuzikimbilia. Sekunde 30 kazi, 15 kupumzika. Mizunguko mitatu ni kama dakika 14. Wacheze pekupeku, kwa sababu soksi huteleza sakafuni, na mbali na jiko, hita na kona za samani. Maputo yanavutia, lakini kipande cha puto lililopasuka kinaweza kumkaba mtoto wa chini ya miaka 8, soksi zinatosha. Kukiwa na jirani chini, weka godoro pale pa kurukia.

Wakichoka na vituo siku ya tatu, na watachoka, waachie wapange wenyewe mpangilio mpya na wewe ushike saa. Kabla ya kila kipande cha mchezo wape maji: kwenye baridi mtoto hasikii kiu sana, ingawa anatoka jasho chini ya koti.