SOMO: Kuchaji betri ya pikipiki ya umeme ndani ya boti ya sola (wa Tanga someni)

Nimechoka kujibu swali hili pembeni, mmoja mmoja, hasa ndugu zangu wa Deep Sea na Sahare. Naliweka hapa.

Mfano ni betri ya pikipiki ya lithiamu ya volti 72, Ah (ampia-saa) 30. Zidisha: wati-saa 2160, yaani yuniti 2 na kidogo. Boti ina sola mbili za wati 400, betri zake za volti 24 na inveta (inayogeuza umeme wa betri uwe kama wa nyumbani) ya wati 1500.

1. Funga sola pasipo kivuli. Kivuli cha foromali (mti wa tanga) kikikatiza seli chache tu, umeme wa paneli unashuka vibaya.

2. Piga hesabu ya chaja. Ya volti 84 (volti za betri nyingi za 72 zikijaa), ampia 10 inatoa wati 840, yenyewe inavuta kama 950. Inveta ya wati 1000 itahema. Kwenye volti 24 hizo ni ampia zaidi ya 40 katika waya wa betri. Kwenye volti 12 zinapita 80. Fyuzi ikae jirani kabisa na betri ya boti, upande wa chanya.

3. Betri iliyotoka kazini iache ipoe kwanza.

4. MAJI YA CHUMVI. Hapa ndipo watu wanapoharibu. Betri ikae juu ya kichanja, imefungwa kamba, penye hewa na kivuli. Isikae ngamani (chini kunakotuama maji), wala karibu na galoni la petroli. Msimu wa kusi rusha za wimbi zinafika popote, kwa hiyo plagi zielekee chini na chaja iwe ndani ya sanduku lenye matundu ya ubavuni. Betri ikiloa maji ya bahari, USIICHAJI BOTINI, hata ukiifuta ikakauka. Chumvi iliyoingia inabaki ndani na inapitisha umeme. Moto unaweza kuzuka baadaye, mko katikati ya maji. Ishushe pwani, ikae nje mbali na nyumba, umwite fundi.

5. Chomeka vyote, inveta iwashwe mwisho. Kutoa, inveta izimwe kwanza.

6. Usilale inapochaji.

MASWALI

Dogo wa Raskazone: Mkuu, nina inveta ya wati 300 ya TV, inafaa?
— Namba 2.

Dogo wa Raskazone: Nimeisoma, ila nikichaji polepole?
— Tafuta chaja ya ampia 2, hiyo inavuta chini ya wati 200. Chaja yako ya ampia 10 haijui polepole.

Binti Pangani: Shikamoo kaka. Kwa nini tupandishe umeme kwenye inveta halafu chaja iugeuze tena? Haupotei?
— Marahaba dada, swali zuri. Unapotea, kwenye inveta na tena kwenye chaja. Kuna chaja zinazopandisha moja kwa moja kutoka volti 24, lakini hakikisha inakoma kwenye volti za betri yako ikijaa. Lithiamu za volti 72 hazifanani zote.

Nahodha Mstaafu: Zile meli za umeme za Ulaya zinachaji zikitembea?
— Meli iitwayo Ampere ya Norway, iliyoanza 2015, inabeba magari na inachajiwa gatini. Sola peke yake haiwezi kusukuma chombo kile.

Mama Dagaa: Nyongeza: osheni paneli alfajiri kabla halijapamba jua. Chumvi na kinyesi cha ndege vinakula umeme.
— Kweli kabisa mama.

Dogo wa Raskazone: Kwa maji ya bahari?
— Maji baridi, dogo. Ya bombani.