Mbio ndefu za kutuliza akili: anza hivi ukiwa Nairobi

Wengi wanaokuja kwangu wakitaka kufundishwa kukimbia hawana haja na medali. Wanataka kupata usingizi. Wamelemewa na kazi, msongamano wa magari, madeni, au msiba ambao moyo haujaukubali. Wote mimi huwaambia neno moja kabla ya yote: kimbia polepole. Sisi tumekua tukimtazama Kipchoge kwenye runinga, basi mtu akivaa raba tu anatoka mbio kama anafukuzwa, na kufikia wiki ya pili ameshaacha.

1. Raba. Za mtumba kutoka masoko ya Gikomba au Toi zinafaa, mradi uzikague. Ziweke juu ya meza. Zikiegemea upande mmoja, ziache. Bonyeza soli kwa kidole gumba. Ikiwa ngumu kama ubao, sponji imekufa na magoti yako ndiyo yatakayolipa.

2. Mahali. Napenda watu waanzie msitu wa Karura. Njia ni za udongo, kuna kivuli, na kila makutano yana kigingi chenye nambari, kwa hiyo hupotei. Msitu huo tunao kwa sababu Wangari Maathai na wenzake waliutetea hadi wakapigwa mwaka 1999, na mimi humshukuru kila nikiingia. Arboretum, bustani ya miti, nayo iko karibu na katikati ya jiji. Kama kiingilio au nauli ni tatizo, uwanja wa mtaani unatosha. Alfajiri usiende peke yako.

3. Mwezi wa kwanza. Siku tatu kwa wiki: kimbia dakika moja, tembea mbili, rudia mara kumi. Kila wiki ongeza kidogo muda wa kukimbia na upunguze wa kutembea.

Kipimo cha mwendo ni mdomo wako. Nikikimbia na mgeni humuuliza jana usiku alipika nini. Akinieleza sukuma alivyoikata na nyama aliyoipata wapi, tunaendelea. Jibu likiwa "ugali" na kimya, tunatembea. Nairobi iko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na aliyehamia juzi kutoka Mombasa atahema mapema kuliko alivyozoea. Asione aibu, mwili utazoea.

4. Mbio ndefu ya wiki. Ukishaweza kukimbia dakika 30 bila kusimama, chagua siku moja, wengi hupenda Jumamosi, uende dakika 40. Ongeza dakika tano hadi kumi kila wiki, na kila wiki ya nne upunguze ili misuli ipone. Ugoko ukiuma, pumzika.

Hapa ndipo kichwa kinapofanyiwa kazi. Dakika 20 za mwanzo ni kelele tupu: bosi, karo, maneno uliyoambiwa ukanyamaza. Usiyafukuze. Yaache yapite, wewe sikiliza pumzi na miguu. Kwa wengi, baadaye mawazo yaleyale hurudi yakiwa mepesi, na mengine hayarudi kabisa. Zamani sifa zote za nafuu hii zilipewa endofini, kemikali za mwili zinazopunguza maumivu. Siku hizi watafiti wanazitazama zaidi endokanabinoidi, kemikali ambazo mwili hutengeneza wenyewe na ambazo huingia kwenye ubongo kwa urahisi zaidi.

5. Tafuta mwenzako. Hili nalisisitiza kuliko raba. Utafiti wa Uholanzi uliochapishwa mwaka 2023 ulilinganisha mbio za kikundi za wiki 16 na dawa kwa watu wenye sonona au wasiwasi. Nafuu ya akili ilikaribiana, ila waliochagua mbio waliacha njiani kwa wingi zaidi. Dawa ni kumeza, mbio ni kutoka kitandani. Mtu anayekungoja getini saa kumi na mbili na nusu atakutoa kitandani hata siku ambayo moyo umegoma.

6. Andika. Kila ukirudi andika mistari miwili: ulilalaje, moyo ukoje. Kilomita si lazima. Nusu marathoni ya Nairobi unaweza kuifikiria baadaye, ikiwa wazo lenyewe linakupa furaha.

Kama unatumia dawa za akili, usiziache bila daktari kukuambia. Daftari likionyesha wiki mbili za giza mfululizo, muone mshauri nasaha. Na ukianza kuwaza kujidhuru, usingoje Jumamosi: mwambie mtu wako, muende hospitali iliyo karibu leo hii.