Somo: Seti na marudio ya dedilifti, kwa nguvu na kwa misuli

Swali la dedilifti, yaani zoezi la kunyanyua chuma kutoka sakafuni hadi usimame wima, hurudi kila mara likiwa limebadilishwa maneno tu: nipige seti ngapi (mafungu yanayotenganishwa na mapumziko), na kila seti iwe na marudio mangapi? Nimeamua kulijibu kwa ukamilifu ili atakayeuliza tena aelekezwe hapa. Ninachukulia kwamba msomaji tayari anajua kunyanyua chuma kutoka sakafuni bila mgongo kupinda. Asiyejua hilo aanze na umbo la zoezi lenyewe, kwa kuwa hakuna mpangilio wa seti utakaomsaidia.

Hatua ya 1. Chagua lengo kuu la wiki sita hadi nane, ama nguvu ama misuli. Anayeanza kabisa atapata vyote viwili, hivyo asisumbuke kuchagua.

Hatua ya 2. Pasha mwili moto kwa seti tatu au nne zinazopanda uzito taratibu, na usizihesabu.

Hatua ya 3. Tafuta uzito wa kukokotolea. Hapa ndipo mipango mingi huharibika, kwa hiyo isome hatua hii mara mbili. Huhitaji kujaribu uzito wa juu kabisa unaoweza kuunyanyua mara moja; unaweza kuukadiria kutokana na seti nzito ya marudio matatu hadi matano. Gawanya idadi ya marudio kwa 30, jumlisha 1, kisha zidisha kwa uzito ulionyanyua. Aliyenyanyua kilo 100 mara tano anakadiriwa kuweza takriban kilo 117 mara moja. Chukua asilimia 90 ya makadirio hayo, yaani kilo 105 hivi, na asilimia zote zinazofuata katika somo hili zikokotoe kutoka hapo. Punguzo hilo ndilo litakalokubeba siku ambayo umelala vibaya au umechoka, na anayeliruka hugundua kufikia wiki ya tatu kwamba seti zake "nyepesi" zimekuwa mapambano.

Tahadhari ya kwanza: kila rudio la kipimo lianze chuma kikiwa kimetulia kabisa sakafuni. Anayekidundisha hupata marudio mawili au matatu ya bure, na hesabu yake yote hupanda kwa uongo. Tahadhari ya pili: rudio ambalo mgongo umebadilika umbo halihesabiwi, hata kama chuma kimefika juu. Tahadhari ya tatu: usitumie seti ya marudio kumi au zaidi kukadiria, kwa sababu kadiri marudio yanavyoongezeka ndivyo kipimo kinavyoelemea pumzi na mkono kuliko nguvu.

Hatua ya 4, kwa nguvu. Piga seti tatu hadi tano za marudio mawili hadi matano, kwa asilimia 80 hadi 90, na upumzike dakika tatu hadi tano kati ya seti. Kasi ya chuma ikishuka waziwazi, kazi ya siku hiyo imekwisha, hata kama karatasi inadai seti moja zaidi.

Hatua ya 5, kwa misuli. Piga seti tatu au nne za marudio sita hadi kumi, kwa asilimia 65 hadi 75, ukiishia pale unapohisi kwamba ungeweza kuongeza mawili. Ni kweli kwamba misuli hukua kwa marudio machache na kwa mengi, maadamu seti inakaribia kushindwa. Lakini katika dedilifti ya marudio kumi na tano, vidole, pumzi na kiuno huchoka kabla makalio na mapaja ya nyuma hayajafanya kazi ya kutosha. Kwa hiyo kazi ya ziada ya misuli naipeleka kwenye dedilifti ya Kiromania, inayoanzia juu na kushuka polepole magoti yakiwa yamekunjwa kidogo, seti tatu za marudio manane hadi kumi na mawili.

Hatua ya 6. Ukikamilisha marudio yote kwa umbo safi, ongeza kilo 2.5 hadi 5 wiki inayofuata; ukikwama wiki mbili mfululizo, punguza asilimia 10 na upande upya.

Maswali ya wanachama

*Swali:* Mwalimu, sijasoma yote, ni marefu. Nina kilo 80, nipige ngapi?

*Jibu:* Uzito wa mwili wako hauingii katika hesabu hii. Soma hatua ya 3.

*Swali:* Rafiki yangu hupiga seti kumi mpaka ashindwe, na ana mgongo mpana kuliko watu wote ninaowajua. Huoni kwamba somo lako ni la waoga?

*Jibu:* Sijakataza kazi nyingi. Nimesema ipelekwe mahali ambapo mwili unaweza kuilipia. Mgongo mpana hujengwa zaidi na mazoezi ya kuvuta, na nina hakika rafiki yako anayafanya pia. Muulize.

*Swali:* Shukrani kwa somo, mwalimu. Kwa nini seti za dedilifti ni chache kuliko za skwati, yaani kuchuchumaa na kusimama na chuma mabegani? Na je, kuna kanuni ya jumla ya marudio kwa kila asilimia?

*Jibu:* Karibu sana, ndugu yangu. Kwa watu wengi uzito wa dedilifti ni mkubwa kuliko wa skwati, na misuli ya kiuno hukaza muda wote bila kupumzika, ndiyo maana uchovu wake hukaa siku nyingi zaidi. Kuhusu kanuni, Mrusi Prilepin aliwapangia wanyanyuaji wa Kisovieti jedwali: kwa asilimia 70 hadi 79, marudio 12 hadi 24 kwa jumla ya seti zote za siku; kwa asilimia 80 hadi 89, marudio 10 hadi 20; na kuanzia asilimia 90, manne hadi kumi. Jedwali hilo lilikusudiwa minyanyuo ya Olimpiki, ile ya kupeleka chuma juu ya kichwa, ambayo ni myepesi kuliko dedilifti, kwa hiyo mimi hukaa upande wa chini wa kila kiwango. Seti nne za marudio matatu kwa asilimia 85 ni 12, na zinatosha kabisa.

*Swali:* Vidole vyangu hufunguka kabla ya mgongo kuchoka. Nigeuze kiganja kimoja?

*Jibu:* Anza na chaki. Kiganja kimoja kikigeuzwa mshiko huimarika kweli, lakini mkono uliogeuzwa usikunjwe kiwiko hata kidogo, kwa kuwa hapo ndipo kano ya misuli ya mbele ya mkono hukatika. Katika seti za misuli tumia kamba za mkononi bila aibu. Katika seti za nguvu shika mwenyewe kadiri uwezavyo.

*Nyongeza ya mwanachama:* Vueni viatu vyenye soli nene na laini. Mimi nilihamia soli nyembamba, na chuma kikaacha kunivuta mbele.

*Jibu:* Nyongeza nzuri. Soli nene pia huongeza umbali wa kunyanyua, hivyo ukibadilisha viatu, rudia kipimo cha hatua ya 3.